KUBADILI LUGHA KATIKA TOVUTI ZA SERIKALI

Tovuti ya Serikali huwahudumia wasomaji wa aina nyingi. Wilaya ya Ludewa, Mkoani Njombe, ni mfano ulio wazi. Humo mna chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma, ambayo mwekezaji wa kigeni husoma habari zake kwa Kiingereza. Habari hizo humhusu pia mkulima wa huko, kwani mwaka 2023 Serikali ililipa fidia wananchi waliopisha miradi hiyo. Naye husoma kwa Kiswahili. Tangazo lenye siku ya mwisho likiwa katika lugha asiyoielewa, haki yake yaweza kupotea ilhali tangazo limekwisha tolewa. Visiwani nako, mtalii na mvuvi hutazama tovuti zile zile.

Kwa sababu hiyo, tovuti yenye lugha mbili haina budi kuwa na kiungo cha kubadili lugha, na yafaa yazingatiwe mambo yafuatayo:

Kwanza, kiungo kiwe juu ya kila ukurasa, si ukurasa wa mwanzo pekee, kwani wengi huingia moja kwa moja kwenye tangazo walilolitafuta.

Pili, jina la kila lugha liandikwe kwa lugha yenyewe: Kiswahili, English. Mgeni asiyejua Kiswahili hatalitambua neno "Kiingereza". Bendera zisitumike, kwa kuwa bendera ni alama ya nchi, wala si ya lugha. Kiswahili ni lugha rasmi Tanzania na Kenya pia.

Tatu, abonyezaye apelekwe kwenye ukurasa ule ule kwa lugha ya pili, asirudishwe mwanzo. Ikiwa tafsiri haijawa tayari, aelezwe hivyo waziwazi.

Nne, ndani ya ukurasa iandikwe alama ya lugha, yaani sw kwa Kiswahili na en kwa Kiingereza, ili programu zinazowasomea wasioona zitamke maneno ipasavyo.

Hata hivyo, kiungo pekee hakitoshi. Tarehe au ada ikibadilishwa katika lugha moja, ibadilishwe na katika ya pili siku hiyo hiyo. Programu za kutafsiri husaidia, lakini tangazo linalogusa haki, malipo au muda lipitiwe kwanza na mtumishi azijuaye vyema lugha zote mbili. Wananchi nao, waonapo tofauti baina ya kurasa hizo, waiarifu ofisi inayohusika mapema.