Mfuko wa Maji Hufia Stoo

Mvua za Mkoa wa Luapula, Zambia, hukatika Aprili, na ikifika Agosti nyasi zilizokuwa zimempita mtu kiuno zimekauka kabisa, zinasubiri cheche. Mkazi wa Nchelenge au Kashikishi ataona ajabu akiambiwa kwamba maji yanaweza kumpungukia mzima moto. Ziwa Mweru lina kilomita za mraba zaidi ya 5,000, na lipo mlangoni pake. Lakini moto wa nyika hauwaki ufukweni. Huwaka ndani ya miombo, kwenye marundo ya matawi yaliyokatwa kwa kilimo cha chitemene, yanayongoja kuchomwa kabla ya mvua za kwanza, na upande wa mashariki kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Lusenga Plain. Huko gari la zimamoto halina njia, na maji yatakayofika ni yale yaliyobebwa.

Chombo cha kuyabebea ni mfuko wa mgongoni. Ule wa kawaida huchukua galoni 5 za Kimarekani, yaani lita 19 hivi, nao ukijaa huwa mzigo wa kilo 20 na ushei. Chini yake hutoka mpira unaoishia kwenye pampu ya mkono, mabomba mawili yanayoingiliana: ukivuta inanyonya, ukisukuma inarusha. Zamani chombo hiki kilikuwa debe la bati lenye mikanda, kama yale yaliyotengenezwa na kampuni ya D. B. Smith ya Utica, New York. Kitambaa cha nailoni kilichopakwa plastiki au mpira kilileta mfuko unaokunjika, mwepesi na rahisi kusafirisha kwa baiskeli au mtumbwi. Pamoja na wepesi huo yalikuja maradhi ambayo debe la bati halikuyajua: kutoboka, kuoza, kuachia mishono.

Lita 19 haziuzimi moto mkubwa, wala hazikukusudiwa kufanya hivyo. Mwenye mfuko huelekeza maji chini ya ndimi za moto ili uinamishe kichwa, kisha wenye matawi na vipigio humalizia. Baadaye hurudi kupoza visiki na magogo yanayofuka. Kazi nyingine ni ya kiangazi cha mapema, Mei na Juni, nyasi zinapochomwa kwa makusudi zikiwa bado na unyevu. Hapo mwenye mfuko hulinda ukingo ili moto usivuke mpaka uliowekewa.

Uchomaji huo wa mapema una ushahidi wake Zambia kwenyewe. Mwaka 1933 wataalamu wa misitu walitenga viwanja vya majaribio karibu na Ndola. Vingine vikachomwa mapema, vingine mwishoni mwa kiangazi, na vingine vikakingwa visiguswe na moto. Mwanaikolojia C. G. Trapnell alipochapisha matokeo mwaka 1959, alionyesha kwamba moto wa mwishoni mwa kiangazi, ukirudiwa mwaka hadi mwaka, huimaliza miti ya miombo na kuliacha eneo kwa nyasi, ilhali ule wa mapema huiacha miti ichipue.

Ubaya wa moto wa mwishoni mwa kiangazi, na wa kukosa maji mahali pasipo na barabara, ulionekana Kilimanjaro. Moto uliozuka eneo la Whona tarehe 11 Oktoba 2020 uliunguza takriban kilomita za mraba 95 kabla ya kudhibitiwa. Mamia ya watu walipanda kwa miguu kuukabili, wakiwemo askari wa Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA), wanafunzi na wanavijiji, na wengi silaha yao ilikuwa matawi ya miti. Katika mazingira ya namna hiyo, mfuko unaovuja njiani ni nguvu za mtu mmoja zilizopotea bure: amepanda saa nzima na mzigo, akafika na nusu yake.

Mfuko, hata hivyo, mara nyingi hauharibikii motoni. Huharibikia stoo, kati ya moto mmoja na mwingine, na ndiyo maana utunzaji wake huanza jioni ileile kazi inapoisha.

Kwanza humwagwa maji yote, na pampu husukumwa hewa mpaka iache kutema. Kisha hutiwa maji safi na sabuni ya maji kidogo, hufungwa, hutikiswa, na maji yale ya sabuni hutolewa kwa kupitia pampu yenyewe ili mpira na vali navyo vioshwe. Kusuuza hurudiwa mpaka povu liishe. Petroli, mafuta ya taa na dawa kali za kufanyia weupe hazitakiwi kabisa, kwa sababu hula ule utando unaozuia maji. Maji ya pwani ya ziwa yana mchanga laini, na mchanga ndio adui mkubwa wa pampu: hukwaruza bomba la ndani na kukaa chini ya kigololo cha vali, kikashindwa kufunga. Hivyo wakati wa kujaza, kitambaa safi huwekwa mdomoni mwa mfuko kuchuja.

Baada ya kuoshwa, mfuko huanikwa kivulini, mdomo ukiangalia chini na kifuniko kikiwa wazi, mpaka ukauke ndani. Ukavu huu una faida mbili. Unazuia ukungu, na unazuia mfuko kuhamisha viumbe kutoka maji mamoja kwenda mengine. Zambia inalijua tatizo hilo tangu Ziwa Kariba lilipokuwa likijaa: mwanzoni mwa miaka ya 1960 salvinia, gugu lielealo linaloweza kuota upya kutokana na kipande kidogo tu, lilitanda juu ya kilomita za mraba zaidi ya 1,000. Mfuko mbichi uliojazwa kwenye bwawa moja na kumwagwa kwenye jingine unatosha kubeba kipande kama hicho.

Nidhamu ya kuosha vifaa vya mgongoni si ngeni Nchelenge. Wilaya hii ina malaria nyingi, na nyumba zake zimepuliziwa dawa ya mbu kwa miaka mingi, ikiwemo pirimifosi-methili iliyoanza kutumika huko mwaka 2014. Katika kazi hiyo, wapuliziaji hurudi kila siku na kusuuza pampu zao kwenye mapipa yaliyopangwa kwa safu, na maji yenye mabaki ya dawa hutumika kuchanganyia dawa ya kesho yake badala ya kumwagwa. Wazima moto wanaweza kuiga utaratibu huo. Pampu zenyewe wasiziazime. Kifaa kilichobeba dawa ya wadudu hakibebi maji ya moto, kwani rasharasha zake humrudia mtu usoni. Na maji ya mfuko wa moto nayo si ya kunywa, hata kiu iwe kali namna gani.

Ukaguzi hufanywa mara mbili: baada ya kila moto, na mwishoni mwa Aprili kabla ya msimu. Mfuko hujazwa, hufutwa nje mpaka ukauke, kisha hutundikwa kwa mikanda yake kwa muda wa saa nzima. Kutundika kwa mikanda ni kwa makusudi, maana mshono wa mkanda unaoachia njiani huutupa mzigo wote kwenye bega moja. Mkaguzi hupitisha kiganja kikavu kwenye mishono. Tobo dogo halimwagi maji. Hutoa jasho, tone likajikusanya taratibu kwenye kona ya chini, likadondoka, na jingine likaanza. Kila penye jasho huzungushiwa alama ya kalamu. Kifuniko nacho hutazamwa: washa yake isiwe imepasuka, na kitundu chake cha kuingiza hewa kisiwe kimezibwa na tope, la sivyo mfuko utajikunja na pampu itagoma. Pampu hupimwa kwa kuziba ncha kwa kidole na kusukuma. Ikikaza ni nzima. Ikiteleza, mpira wa ndani umekwisha au vali haifungi.

Kuziba ndiko kunakowaponza wengi. Kila kijiwe cha baiskeli mwambaoni kina fundi wa pancha mwenye msasa, solusheni na vipande vya tyubu, na ni rahisi kumkabidhi mfuko. Kama mfuko umepakwa mpira, kazi yake inaweza kushika. Kama umepakwa PVC, kiraka kitabanduka, kwa sababu solusheni ya tyubu haishikamani na plastiki hiyo. Gundi ya mabomba ya maji haifai pia: ikikauka huwa ngumu na kupasuka pale mfuko unapokunjwa. Kinachotakiwa ni gundi ya PVC laini, ya aina inayotumika kwenye maturubai na boti za kujaza upepo.

Mfuko hukaushwa, sehemu yenye tobo husafishwa kwa spiriti na kukwaruzwa kidogo kwa msasa. Kiraka hukatwa kona za mviringo, kwani kona kali huanza kuinuka mapema, nacho hulizidi tobo kwa sentimita 5 kila upande. Gundi hupakwa pande zote mbili na kuachwa mpaka isilowanishe kidole. Kisha kiraka hugandamizwa kutoka katikati kwenda nje ili hewa itoke, na mfuko huwekwa chini ya uzito kwa saa 24 kabla ya kujaribiwa tena kwa maji.

Mifuko mingine haitibiki. Iliyoachia mshono mrefu, iliyokakamaa kwa jua, iliyoungua mikanda au ambayo utando wake unabanduka kwa ndani huandikwa alama ya kuondolewa na kutengwa, ili mtu asiichukue kwa haraka siku ya moto. Kabla ya kutupwa huvuliwa kifuniko, mpira, pampu na vikaza mpira, ambavyo ni vipuri. Sehemu za kitambaa ambazo bado nzima hukatwa na kuhifadhiwa pakavu, mbali na panya, kwa sababu mfuko wa PVC hauna kiraka kinachoufaa kuliko kitambaa cha mfuko mwenziwe.