Silinda ya Breki ya Nyuma: Kipenyo Kipi Kinafaa Gari la Zamani?

Silinda ya gurudumu hupokea shinikizo la mafuta ya breki na kulisukumia kwenye breki shuu ili zibane dramu. Nguvu ya msukumo huo hutegemea eneo la uso wa pistoni, na eneo hukua kwa mraba wa kipenyo. Ndiyo maana tofauti ya milimita chache hubadili tabia ya gari zima.

Mfano mzuri ni Mini, gari la Uingereza alilolibuni Alec Issigonis, lililoingia sokoni mwaka 1959. Silinda zake za nyuma zipo za inchi 3/4, yaani milimita 19, na za inchi 5/8, karibu milimita 16. Kwa shinikizo lilelile, hiyo ndogo husukuma kwa nguvu pungufu kwa takriban asilimia 30.

Wengi huamini kubwa ndiyo salama zaidi. Imani hiyo ni ya hatari. Dereva akikanyaga breki, uzito huhamia mbele na matairi ya nyuma hupoteza mshiko; katika Mini, yenye injini mbele, sehemu ya nyuma ni nyepesi tangu mwanzo, hata ikawekewa vali ya kudhibiti shinikizo la nyuma. Magurudumu ya nyuma yakijifunga kwanza, gari huzunguka, hasa barabara ikiwa imelowa. Ya mbele yakitangulia, usukani hauitikii, lakini angalau gari huenda mbele bila kugeuka.

Hatari huongezeka mwenye gari anapoweka diski mbele badala ya dramu. Diski haijikazi yenyewe kama dramu, hivyo huhitaji shinikizo kubwa zaidi, na shinikizo hilo hufika nyuma pia. Hapo silinda ndogo ya nyuma mara nyingi ndiyo inayofaa.

Kabla ya kununua, fundi asome kipimo kilichochorwa kwenye silinda au apime pistoni yenyewe, kwani huenda iliwahi kubadilishwa. Pande zote mbili zilingane, la sivyo gari litavuta upande mmoja. Nyuma ikijifunga ghafla, zikaguliwe kwanza vali na breki za mbele, maana huenda silinda haina kosa.

Silinda kubwa haiimarishi breki ya mkono: hiyo hutumia kebo na wenzo, bila mafuta.