KUNOA NCHA YA KUTOBOLEA: UFA MDOGO, HATARI KUBWA

Wafanyakazi wenzangu wa Kashebere, na ninyi jamaa zao nyumbani, someni vizuri habari hii.

Ncha ngumu tunayotobolea mwamba si chuma cha kawaida. Ni unga wa wolframu na kaboni, ulioshikamanishwa na kobalti kwa moto mkali, kazi iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 1923. Chuma kikipigwa hupinda. Ncha hii haipindi: inapasuka, kama sahani.

Wakati wa kutoboa, ncha inapata moto, halafu inapoa, tena na tena. Juu yake zinatokea nyufa nyembamba kama ngozi ya nyoka. Kunoa kunaziondoa. Ukichelewa, zinashuka ndani, na ncha inavunjikia shimoni.

Lakini kunoa vibaya kunaleta nyufa mpya. Mwaka 1921 Mwingereza A. A. Griffith alionyesha kwa kioo kwamba kitu cha namna hii huvunjika kwa sababu ya nyufa zake ndogo. Kwa hiyo kila mkwaruzo mzito wa jiwe la kunolea ni mlango wa ufa.

Shikeni haya:

1. Tumia jiwe la kijani. Noa kwa mkono mwepesi, huku ukisogeza ncha.

2. Maji yawe mengi tangu mwanzo hadi mwisho. Ukinoa bila maji, ncha ipoe yenyewe. Usiitumbukize katika maji ikiwa moto.

3. Jiwe lenyewe hupasuka pia. Kabla ya kulifunga, litundike, uligonge polepole kwa mpini wa mti. Likilia kama kengele, ni zima. Likilia bubu, lisitumike, mwambie kapita. Ukiwasha mashini, simama kando dakika moja kwanza.

4. Vaa miwani ya kazi. Kipande kikiingia jichoni, usisugue, wala mwenzako asikitoe kwa kijiti. Funika jicho bila kulikandamiza, uje dispanseri mara moja.

5. Mavumbi ya kunoa yana kobalti, nayo inaharibu mapafu. Funika pua na mdomo kwa kifuniko cha kuzuia mavumbi. Nanyi akina mama, msikung'ute nguo za kazi ndani ya nyumba penye watoto, zilowesheni kwanza.

Ncha ikivunjika, nyingine itanunuliwa. Jicho halinunuliwi, wala pafu. Noa vizuri, urudi mzima nyumbani.