Je, Wajua? Chumba cha Chekechea Juu ya Jiwe Jeusi

Je, wajua kwamba viti vifupi vya shule za chekechea, ambavyo leo twaviona kuwa jambo la kawaida, vilienea sana kwa juhudi za Maria Montessori, tabibu wa Kiitalia aliyefungua nyumba yake ya watoto tarehe 6 Januari 1907 katika San Lorenzo, mtaa wa mafukara wa Roma, akaamuru samani ziundwe kwa kimo cha mtoto, nyepesi hata aweze kuzihamisha mwenyewe?

Katika Majengo, mjini Goma, ambako aghalabu nyumba hujengwa kwa mbao juu ya mawe meusi yaliyotapikwa na mlima wa moto wa Nyiragongo, hikima hiyo haihitaji mali nyingi: rafu iishiayo kifuani mwa mtoto wa miaka 4, ubao uliopigwa randa mpaka kiganja kisikutane na kibanzi, mkeka wa kuyahifadhi magoti, na dirisha lililoshushwa hata aione chukudu, kile chombo cha mbao cha kubebea mizigo, ipitayo barabarani. Nami dirisha hilo nalitanguliza kuliko vyote, kwani umeme si wa kutegemewa, na gizani, kwa mtoto apangaye shanga kwa rangi, nyekundu na ya zambarau ni moja.