Farao aliwapa wageni udongo muzuri. Na sisi?

Kila mutu wa Kasindi anajua daraja la Lubiriha. Ngambo hii ni Kongo, ngambo ile ni Mpondwe, Uganda. Siku za amani tunavuka na mizigo ya soko. Siku za risasi tunavuka na mutoto mugongoni na godoro kichwani, na ulizo linabaki moja tu: wenyeji wa kule watatupokea?

Ulizo hilo ni la zamani. Liko ndani ya kitabu cha Mwanzo, sura ya 45 mpaka ya 47. Tukisoma hadithi ile, mara nyingi tunaangalia Yosefu na wandugu zake waliomuuzisha. Leo tumuangalie mutu mwingine: Farao, mufalme wa Misri.

Ilikuwa mwaka wa pili wa njaa, na ilibaki mingine mitano. Farao akasikia kama wandugu za Yosefu wamefika, akafurahi. Aliamuru wapakize wanyama wao, wachukue magari ya Misri kwa kubeba wake na watoto, na wasisikitikie vyombo watakavyoacha nyuma. Mutu mwenye alikwisha kukimbia usiku anajua maana ya gari lile. Muzee hawezi kutembea, mutoto ana homa, na nyumba yote inabaki na sufuria zake. Mufalme aliyafikiri hayo mbele hata hawajaomba.

Watu wa nyumba ya Yakobo walikuwa 70. Walikuwa wachungaji, na Wamisri waliwachukia wachungaji. Farao akawauliza kazi yao ni gani. Hawakuficha, na yeye hakuwafukuza. Aliwapa Gosheni, udongo muzuri wa malisho, tena akamwambia Yosefu kama kati yao kuko wenye ujuzi, awaweke juu ya mifugo yake mwenyewe.

Hapo njo tunaona ukarimu wenye mizizi. Chakula cha leo kinaisha leo. Udongo na kazi vinamusimamisha mutu. Sisi wa mashimo tunalijua ulizo la Farao. Mutu akifika Mangurujipa na nguo moja, PDG wa shimo hamuulizi kwanza kabila. Anamuuliza kama anajua kuchimba, kubeba, kutwanga ao kuosha.

Jambo kama hilo lilitokea karibu yetu. Mwezi wa 7 mwaka 2013, waasi wa ADF walishambulia Kamango, katika teritware ya Beni. Kwa siku chache tu, watu zaidi ya 60,000 walivuka kuingia Bundibugyo. Wengi walirudi haraka. Wengine walipokelewa Bubukwanga, na kisha wakapelekwa Kyangwali, kule mukimbizi anapewa kipande cha udongo kwa kujenga na kulima. Leo Uganda inapokea wakimbizi zaidi ya 1,500,000. Nasi tusisahau: kisha Idi Amin kuanguka mwaka 1979, watu wa West Nile walikimbilia kwetu, wakati inchi iliitwa Zaire.

Lakini kitabu hakitudanganye na utamu wa mwanzo. Katika sura ile ile ya 47, Wamisri wenyewe wanauzisha mifugo, kisha mashamba, kisha miili yao, ili wapate nafaka. Mwenyeji anapoteza udongo, mugeni anapewa. Kitabu hakisemi kama wivu ulizaliwa hapo, lakini sisi tunajua nyumba yenye njaa inavyomuangalia mugeni anayekula.

Tena, kitabu cha Kutoka kinaanza na mufalme mupya asiyemujua Yosefu. Aliona wageni wamekuwa wengi, akaogopa, akawatia katika kazi ya matofali kwa nguvu. Inchi ni ile ile, uzao ni ule ule. Kilichopotea ni ukumbusho. Zawadi ya Gosheni ilisimama juu ya kinywa cha mutu mumoja, na mutu anakufa.

Njo maana sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 ni kitu kikubwa: inaandika haki ya kufanya kazi na ya kutembea. Mukubwa akibadilika, karatasi inabaki. Hata hivyo karatasi haipikwi: vipande vya udongo vinapunguka sababu watu wanazidi, na chakula cha musaada kimekatwa.

Na sisi? Huku Kasindi, Beni na Butembo, wakimbizi wengi wa vita hawalali katika kambi. Wanalala katika nyumba zetu. Kila baba mwenye nyumba amekuwa Farao mudogo. Basi tumuulize mugeni kazi anayojua, tena tusimuchekee akijibu. Tukimupa shamba la kulima ao nafasi shimoni, tuandike mapatano mbele ya chefu na mashahidi, ili mutoto wetu asije akasema hajui Yosefu. Na sisi tuliovuka daraja, tuwaambie watoto majina ya wale waliotufungulia mulango.

Yakobo alifika mbele ya Farao akiwa na miaka 130. Alimubariki mufalme, mara mbili. Mugeni hakosi neno la kuacha.