Istilahi za Bima ya Maisha kwa Mzee Aliyepungukiwa na Utambuzi

Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Tangu hapo wajibu wa wafasiri umekuwa mzito zaidi, maana neno moja lililotumiwa vibaya katika hati laweza kumnyima mtu haki yake. Madhumuni ya makala haya ni kueleza istilahi chache zinazohusu bima ya maisha pale mwenye bima anapopatwa na maradhi ya akili ya uzeeni.

Tuchukue mfano wa mzee wa Bujora, mkoani Mwanza, anayeishi jirani na Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement. Mzee huyu alikata bima ya maisha zamani. Siku hizi hurudia swali lile lile, hupotea njia atokapo sokoni Kisesa, na ada ya bima ameisahau. Mwanawe aliye mjini anaikuta barua ya kampuni: ada isipolipwa kabla ya muhula wa nyongeza kwisha, bima itakoma. Afanye nini? Jibu linategemea sana maneno atakayoyakuta katika hati zake.

(a) Jina la maradhi. Wengine huyaita kichaa, wengine usahaulifu. Maneno yote mawili hayafai. Kichaa humvunjia mzee heshima na kuwafanya jamaa wamfiche. Usahaulifu nao huyapunguzia maradhi uzito, kwani kila mzee husahau. Hivyo jamaa hungoja mpaka wakati umepita. Utafiti uliofanywa wilayani Hai na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba watu wapatao 6.4 katika kila 100 wenye umri wa miaka 70 au zaidi walikuwa na maradhi haya. Si jambo la nadra. Wajapani walikabili tatizo kama hili: mwaka 2004 serikali yao iliacha jina la zamani lililobeba maana ya upumbavu, ikachagua jina lenye maana ya maradhi ya utambuzi. Sisi tunapendekeza maradhi ya kufifia kwa utambuzi. Kitu kinachofifia hakizimiki kwa mara moja, na ukweli huo una uzito katika sheria.

(b) Akili timamu. Sheria ya Mikataba yataka anayefunga mkataba awe na akili timamu wakati anapoufunga. Mtu ambaye kwa kawaida hana akili timamu, lakini huipata mara kwa mara, aweza kufunga mkataba katika saa ya utimamu wake. Kwa hiyo mfasiri asiandike "mgonjwa wa akili haruhusiwi kutia sahihi". Mzee wetu, maradhi yakiwa bado machanga, aweza kuthibitisha mwenyewe jina la mnufaika wake.

(c) Mnufaika na mrithi. Mnufaika ni yule aliyetajwa katika mkataba wa bima. Mrithi hutambuliwa na sheria za mirathi, ziwe za mila, za dini au za serikali. Huenda akawa mtu mmoja, huenda wakawa wawili. Kuyachanganya maneno haya ni kupanda ugomvi msibani.

(d) Wakala, wakili na msimamizi. Hati inayompa mtu uwezo wa kutenda kwa niaba ya mwingine tuiite hati ya uwakala. Tukiiita ya uwakili, wasomaji watadhani kwamba ni lazima atafutwe mwanasheria. Aidha, uwakala hukoma aliyeutoa anapopoteza utimamu wa akili. Basi hati hiyo humsaliti mwana wakati anapoihitaji zaidi. Hapo ndipo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inapowawezesha jamaa kuiomba mahakama iteue msimamizi wa mali ya mgonjwa. Huyu si msimamizi wa mirathi, ambaye kazi yake huanza baada ya kifo. Mfasiri akiandika "msimamizi" tu, jamaa watadhani kwamba hawana la kufanya mpaka mzee afe, na bima itakuwa imekwisha koma.

(e) Kulipa ada na kubadili mkataba. Haya ni mambo mawili. Mwana aweza kumlipia baba yake ada bila kugusa mkataba. Lakini kubadili mnufaika, au kuivunja bima ili kupokea thamani ya rejesho, ni haki ya mwenye bima au ya yule aliyepewa mamlaka kisheria. Kumtilia mzee sahihi ni kughushi, hata kama nia ni njema.

Ni matumaini yetu kwamba walimu, wafasiri na watumishi wa serikali watazipima istilahi hizi katika kazi zao na kutuletea maoni, hasa juu ya jina la maradhi tulilolipendekeza. Istilahi iliyo nzuri ni ile ambayo mwana wa mzee yule ataisoma akajua, siku hiyo hiyo, ni mlango upi aubishe.