Jina Huvuka Rusumo Kabla ya Mwenyewe

Benaco, mji mdogo wa Ngara ambako malori yaendayo Rwanda hupumzika, ulirithi jina la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya muda wa siku moja hivi, kambi ikaota hapo, na jina la mkandarasi likatajwa redioni dunia nzima. Mkandarasi alikwishaondoka zamani. Jina lilibaki, likawa la kila mtu.

Ndivyo majina yanavyosafiri katika wilaya za Ngara na Biharamulo. Njia panda ya Nyakanazi, Biharamulo, inapokea magari ya Kahama, Kigoma na Mwanza. Ukishika ya kaskazini-magharibi unafika Ngara, kisha Rusumo kwa Rwanda au Kabanga kwa Burundi. Mfungashaji wa asali anayeuza chupa ishirini kwa dereva mmoja hajui zitaishia wapi. Baada ya mwaka anaweza kuulizwa bidhaa yake na mtu wa mji ambao hajawahi kuukanyaga. Hapo ndipo jina linapokuwa mali, na mali isiyo na hati ina wenyewe wengi.

Tatizo ninaloliona kwa wajasiriamali wetu si uzembe. Wana karatasi nyingi, tena zimetundikwa ukutani: leseni ya biashara, TIN, cheti cha TBS, msimbo wa mistari kwenye lebo, na cheti cha jina la biashara kutoka Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA). Hicho cha mwisho ndicho kinachowapoteza. Sheria ya Majina ya Biashara inamwezesha mteja, benki au hakimu kujua nani yuko nyuma ya jina la duka. Haimpi mwenye duka haki ya kumzuia mwingine kubandika jina hilo kwenye chupa. Haki hiyo inatokana na Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, ambayo ina daftari lake na maombi yake, ingawa msimamizi ni BRELA hiyohiyo. Dirisha moja, sheria mbili. Si ajabu watu wanachanganya.

Safari ya kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja, haihitajiki tena. Tangu 2018 maombi hupitia mfumo wa mtandao. Mwombaji anatafuta kwanza kama kuna alama ya biashara, yaani nembo, inayofanana na yake, kisha anapeleka picha ya nembo na kutaja daraja la bidhaa. Madaraja yako 45, na ombi moja hubeba daraja moja. Asali, kahawa na unga wa mahindi viko daraja la 30. Mafuta ya alizeti la 29. Mvinyo wa ndizi la 33. Sabuni la 3. Anayekamua alizeti, kusaga sembe na kufungasha asali kwa jina moja ana maombi mawili ya kulipia. Ombi likikubaliwa hutangazwa katika jarida la msajili, na yeyote mwenye kinyongo ana siku 60 za kulipinga. Likivuka hapo, usajili hudumu miaka saba kuanzia tarehe ya maombi, halafu huhuishwa kila miaka kumi. Aliyesajili akakaa miaka mitatu bila kuitumia nembo anaweza kuombewa ifutwe.

Kazi ngumu ni kuchagua jina. "Asali Safi" ni maelezo ya kilichomo ndani, na msajili hawezi kumkabidhi mtu mmoja neno ambalo kila mrina asali analihitaji. Ngara ina mtego wa ziada. Kihangaza ni ndugu wa Kirundi na Kinyarwanda, na kwa majirani hao asali huitwa "ubuki". Neno hilo kwenye lebo huenda likamvutia mnunuzi wa Dar es Salaam kama jina la ajabu. Kigali litasomeka kama "asali" tu. Nashauri jina ambalo halielezi bidhaa hata kidogo. Halivutii siku ya kwanza, lakini hulindika.

Kujibanza kwenye jina kubwa la wengine nako hakusaidii. Kanuni za wauza kahawa wa Japani huruhusu arabika ya Tanzania iitwe "Kilimanjaro", hata ikitoka mbali na mlima huo, isipokuwa arabika ya Bukoba. Bukoba, mkoani mwetu Kagera, imeachwa nje ya mwavuli huo kwa maandishi.

Na wizi? Huku kwetu mara nyingi huanzia kwenye kifungashio: kiroba kilichotumika au chupa tupu hujazwa upya na kurudi sokoni ikiwa na lebo halali. Tume ya Ushindani hushughulikia bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, na mlalamikaji mwenye cheti cha usajili hufika na ushahidi mkononi. Asiye nacho bado anaweza kushtaki kwamba mwenzake anauza kwa kujifanya yeye, ila itambidi athibitishe mahakamani kwamba wateja walimjua, walidanganyika na yeye akaumia. Kwa mtu wa viroba mia kwa wiki, wakili atakula faida kabla ya hukumu.

Usajili wa BRELA unaishia Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria na msajili wake, na Jumuiya ya Afrika Mashariki haina nembo moja ya pamoja. Rusumo lori husimama mara moja tu, katika kituo cha pamoja cha forodha. Nembo haina kituo kama hicho, lazima iombewe upya Kigali, na tena Burundi. Lakini Tanzania, Rwanda na Burundi zote zimo katika Mkataba wa Paris, unaompa mwombaji miezi sita. Aliyeomba Tanzania leo, akapeleka ombi Kigali kabla ya muda huo kwisha na kudai haki hiyo, anahesabiwa kana kwamba ameomba huko leo. Aliyemwahi Kigali katika mwezi wa tatu wa muda huo atapangwa nyuma yake.